Miaka 42 kwenye meza moja: Axel Oxenstierna, kansela wa Uswidi

Kazi yangu ya kwanza serikalini ilikuwa masijala. Waliopita huko wanajua: chumba cha nyuma, dirisha moja, makabati ya chuma yanayopiga kelele kila ukivuta droo. Barua ikiingia unaigonga mhuri wa tarehe, unaiandika kwenye rejista, unaipa namba ya folio, unaifunga kwenye faili lake, faili linapanda kwa mkubwa. Likishuka lina dokezo la mistari miwili kwa wino mwekundu, na kwa mistari hiyo miwili mtu fulani wa kijiji fulani kapata kiwanja au kakosa. Mkubwa wetu mmoja alistaafu akiwa mambo yote ameyaweka kichwani. Aliyempokea alikaa miezi anauliza, "Hili tulikubaliana nini?" na hakuna aliyeweza kumjibu. Faili zilikuwepo. Ndani yake mlikuwa na kadi za harusi na risiti za chai.

Kwa hiyo nilipopelekwa Stockholm kwa mafunzo ya wiki mbili, mwezi wa Novemba, majumba ya wafalme hayakunishika sana. Kilichonishika ni sanamu iliyopo Gustav Adolfs torg, uwanja ulio mbele ya jumba la opera. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri na giza limeshaanza kushuka. Juu kabisa, kwenye farasi, amekaa Mfalme Gustav II Adolf, yule aliyeitikisa Ulaya. Chini, miguuni pa jiwe, wapo watu wawili wa shaba. Mmoja ni Clio, ambaye kwa Wagiriki wa kale ndiye mwenye dhamana ya historia. Wa pili ni mwanamume anayemsimulia matendo ya mfalme ili ayaandike. Sanamu ya mfalme ilizinduliwa mwaka 1796. Hawa wawili wa chini waliongezwa mwaka 1906. Nikacheka peke yangu pale uwanjani: mtu wa mafaili kasubiri foleni miaka 110.

Mtu huyo ni Axel Oxenstierna, kansela wa Uswidi tangu Januari 1612 hadi alipokufa Agosti 1654. Miaka 42, cheo kile kile. Kuna nchi zimezaliwa na kufa kwa muda mfupi kuliko huo.

Alizaliwa mwaka 1583 huko Fånö, jimbo la Uppland, katika ukoo wa makabaila wa zamani ambao nembo yao ni paji la uso la ng'ombe na pembe zake mbili. Baba alifariki Axel akiwa bado mdogo, na mama, Barbro Bielke, akampeleka yeye na ndugu zake kusoma Ujerumani: Rostock, Jena, Wittenberg. Alisoma teolojia kwa bidii, na Kilatini chake kilikuwa cha kuandikia barua za kurasa nyingi bila kukohoa. Kwa nini mama mjane awapeleke watoto mbali hivyo? Elimu ilikuwa sababu ya kutosha. Lakini wakati vijana wako huko, nyumbani vichwa vilikuwa vinaanguka, tena si kwa mafumbo. Machi 1600, mjini Linköping, Duke Karl, aliyekuwa amemng'oa mpwa wake Sigismund kwenye kiti, aliwakata vichwa makabaila waliosimama upande wa pili. Mmoja wao, Erik Sparre, alikuwa kansela. Mwingine, Ture Bielke, alikuwa na jina la ukoo wa mama yake Axel.

Huyo Duke ndiye aliyekuja kuwa Mfalme Karl IX, na ndiye aliyempa Axel kazi. Mwaka 1609 kijana aliingia baraza la ufalme. Napenda kumfikiria akiwa kwenye kikao anamwandikia kumbukumbu mtu yule, huku kila aliyemo chumbani anajua yaliyompata kansela Sparre. Hapo ndipo mtu anajifunza kuandika kwa uangalifu.

Karl IX alifariki Oktoba 1611. Mwanawe Gustav Adolf hajatimiza hata miaka 17, na nchi ina vita na Denmaki, Urusi na Poland kwa mpigo. Kisheria kijana alipaswa kusubiri. Makabaila wakamwambia, kwa lugha ya leo: tutakutambua kuwa mtu mzima, lakini kwanza weka sahihi hapa. Hati waliyomwekea mezani ni kazi ya Oxenstierna, aliyekuwa na miaka 28. Mfalme asitunge sheria, asianzishe vita, asifunge mkataba wala kutoza kodi mpya bila ridhaa ya baraza na bunge la matabaka. Asimkamate mtu bila kesi. Vyeo vikubwa vibaki kwa makabaila. Kijana akasaini, na siku chache baadaye, tarehe 6 Januari 1612, akamteua mwandishi wa hati ile ile kuwa kansela wake.

Kwa mtu mwingine huo ungekuwa mwanzo wa chuki. Hawa wawili wakawa kama chanda na pete. Husimuliwa kwamba mfalme alimwambia siku moja, "Tungekuwa wote baridi kama wewe, tungeganda." Naye akajibu kwamba bila baridi yake, moto wa mfalme ungekuwa umeshawaunguza wote. Sijui kama yalisemwa hivyo neno kwa neno, ila yanawafaa.

Jambo la kwanza lililomfika mezani lilikuwa aibu. Vita na Denmaki viliisha kwa amani ya Knäred, Januari 1613, na Uswidi ikatakiwa kulipa riksdaler (sarafu ya fedha) milioni moja kwa miaka sita ili irudishiwe ngome ya Älvsborg, mlango wake pekee wa kwenda bahari ya magharibi. Nchi yenyewe, ukijumlisha na Finland, ilikuwa na watu zaidi kidogo tu ya milioni. Wakatoza kila kichwa, hadi mtumishi wa shambani na msichana wa jikoni. Mfalme akatoa vyombo vyake vya fedha. Shaba ya mgodi wa Falun ikauzwa nje. Kufikia 1619 deni likaisha. Ukitaka kutoza kila kichwa lazima kwanza uwe umekihesabu, na nadhani ni hapo dola lilipojifunza kuhesabu watu wake.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nimpende huyu mzee, pamoja na lawama nitakazomtwisha mbele. Mwaka 1614 iliundwa mahakama ya rufaa ya Svea, ili kesi zisimsubiri mfalme arudi safari. Mwaka 1617 bunge likapewa utaratibu wa kukaa na kujadili. Mwaka 1618 ofisi yake mwenyewe ikapata kanuni: karani yupi ashughulike na barua zipi, nakala iwekwe wapi, nani atunze hati za zamani. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uswidi inahesabu umri wake kuanzia kanuni hiyo. Someni tena: wakati vita havijaisha, mtu amekaa anaamua kwamba barua ikijibiwa, nakala ibaki. Sisi kwenye masijala yetu tulikuwa bado tunaligombania hilo nikiwa na miaka 24.

Mwaka 1626 alihamia Prussia, pwani ya kusini ya Bahari ya Baltiki, akakaa mjini Elbing kama gavana. Uswidi ilikuwa imeshika bandari za huko katika vita na Poland, na kila meli ya nafaka iliyopita ililipa ushuru. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha ushuru huo unalisha jeshi. Alikuwa huko Agosti 1628 wakati meli Vasa, fahari ya jeshi la majini, ilipozama bandarini Stockholm kwenye safari yake ya kwanza kabisa, haijamaliza hata kilomita mbili. Tume ikaundwa, mashahidi wakahojiwa, na hakuna aliyepatikana na hatia. (Msomaji wa kwetu hapa anatabasamu.)

Mwaka 1630 mfalme akavuka na jeshi kuingia Ujerumani, kwenye ile vita iliyokuja kuitwa ya Miaka Thelathini. Ufaransa, ya Kikatoliki, ikakubali kuwalipa Waprotestanti hawa riksdaler 400,000 kwa mwaka wampige Kaisari, mtawala Mkatoliki wa Ujerumani. Septemba 1631 Waswidi wakashinda Breitenfeld, ushindi wa kutangazwa makanisani. Tarehe 6 Novemba 1632, kwa kalenda waliyokuwa wakiitumia Waswidi, mfalme akauawa Lützen, katikati ya ukungu na moshi. Alikuwa ameshamwandikia kansela wake kabla, akimkabidhi mke na mtoto endapo lolote lingempata.

Oxenstierna alisifika kwa usingizi: akivua nguo, shida za siku anazivua nazo. Husimuliwa kwamba ni usiku mara mbili tu maishani alikosa kulala kwa sababu ya kazi. Wa kwanza ulikuwa wa habari za Lützen.

Mrithi alikuwa Christina, hajafikisha hata miaka sita. Jeshi liko nchi ya watu, wengi wa askari ni Wajerumani wa kukodi, mishahara haijalipwa. Oxenstierna alibaki Ujerumani akawakusanya wakuu wa Kiprotestanti mjini Heilbronn, Aprili 1633, wakaunda umoja, naye akawa mkurugenzi wake. Kabaila wa kutoka kaskazini, asiye na tone la damu ya kifalme, anawaongoza watawala ambao mababu zao waliwadharau mababu zake. Ulidumu kidogo. Septemba 1634 jeshi lao lilivunjwa Nördlingen, na huo ndio ukawa usiku wa pili.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa kuvumilia tu. Wakuu wa Kijerumani wakapatana na Kaisari huko Prague. Ili Poland isiingie vitani, ilibidi bandari za Prussia zirudishwe, na ushuru ukaenda nazo. Aprili alikwenda Compiègne, Ufaransa, kuonana na Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa huko. Majira yale ya joto, karibu na Magdeburg, maofisa wa jeshi lake mwenyewe, waliochoka kudai, nusura wamfanye mateka. Aliwatuliza kwa ahadi. Nawaza sura yake siku hizo, mzee wa miaka 52 kati ya watu wenye silaha wanaomdai, na mkononi hana ila neno lake.

Ila katikati ya balaa hilo, karatasi moja iliyotoka mikononi mwake ilikuwa imepitishwa na bunge huko nyumbani. Ni ile ya Julai 1634 waliyoiita Mfumo wa Serikali. Ofisi kuu tano, kila moja na bodi yake na makarani wake: mahakama, vita, majini, kansela, hazina. Stockholm ndiyo makao, si popote mfalme alipo. Nchi ikagawanywa mikoa, na kila mkoa ukawekewa mkuu wake, anayepewa maelekezo ya maandishi na anayetoa hesabu. Mikoa hiyo Waswidi wanaiita län hadi leo, na mkuu wa mkoa bado yupo. Wazo zima lilikuwa kwamba mfalme akiwa mtoto, mgonjwa, au maiti kwenye uwanja wa vita, barua ijibiwe.

Sasa lawama. Watu watano wenye ofisi hizo kuu ndio waliokaimu kiti hadi Christina akue. Watatu kati yao walikuwa wa ukoo wa Oxenstierna: Axel mwenyewe, mdogo wake Gabriel Gustafsson, na binamu yao Gabriel Bengtsson kwenye hazina. Sisi tuna neno la utani kwa mambo kama haya, undugunaizesheni, na sidhani kuna mfano wa kihistoria unaolitosha vizuri zaidi. Aliandika kanuni za kumzuia mtu mmoja asishike kila kitu, kisha nyumba moja ikashika karibu kila kitu.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Kuna parokia inaitwa Bygdeå, kaskazini mwa Uswidi. Kati ya 1621 na 1639 ilitoa vijana 230 kwenda kupigana Poland na Ujerumani. Waliokufa huko ni 215. Watano walirudi vilema. Kufikia mwisho, nusu ya waliokuwa wanachukuliwa walikuwa watoto wa miaka 15, kwa sababu wakubwa wameisha. Wanaume wazima wa parokia walipungua kutoka 468 hadi 288. Nilipoyasoma hayo niliweka chini kikombe. Kisha likanijia swali la kikarani: tunajuaje? Tunajua kwa sababu mchungaji aliandika, karani akanakili, orodha ikatumwa Stockholm na ikatunzwa. Ule utaratibu ule ule nilioutoka kuusifu ndio uliomfikia mtoto wa Bygdeå kwa jina lake, na ndio uliohifadhi jina hilo baada yake.

Alirudi nyumbani mwaka 1636, baada ya miaka kumi nje. Mwaka huo huo serikali ikaanzisha posta. Nalipenda jambo hili kwa udogo wake. Kando ya barabara kuu walichaguliwa wakulima wanaojua kusoma na kuandika. Mkoba wa barua ukifika kwa mmoja, yeye au kibarua wake anaubeba mbio hadi kwa mwenzake anayefuata, mkononi mkuki, kiunoni pembe ya kupuliza. Maili moja ya Kiswidi, yaani takriban kilomita 10, iishe kwa saa mbili. Ukichelewa, jela siku nane kwa mkate na maji. Malipo yake makubwa yalikuwa kusamehewa kwenda vitani, na kwa hesabu za Bygdeå hayo hayakuwa malipo madogo.

Pesa nayo ilikuwa na vituko vyake. Shaba ilikuwa nyingi kuliko fedha, hivyo mwaka 1644 wakaanza kutoa pesa za mabamba ya shaba, kulingana na thamani halisi ya shaba yenyewe. Bamba la daler 10 lilikuwa na uzito wa karibu kilo 20. Mshahara wako unaubeba kwa mkokoteni.

Malkia mtoto, Oxenstierna alimfundisha siasa yeye mwenyewe, saa nyingi, siku baada ya siku, na Christina alikuja kuandika akiwa mtu mzima kwamba alipenda kumsikiliza. Alimfundisha vizuri mno. Alipokabidhiwa madaraka, Desemba 1644, alikuwa na miaka 18 na hakuhitaji mtu wa kumshika mkono. Mzee alikuwa bado na nguvu: mwaka mmoja kabla aliamuru kwa siri jeshi liivamie Denmaki kwa nyuma, barua ikisafiri miezi hadi Moravia alikokuwa Jenerali Torstensson, na mwaka 1645 alikaa yeye mwenyewe mezani Brömsebro akaondoka na maeneo ya Gotland, Ösel, Jämtland, Härjedalen, na Halland kwa miaka 30. Deni la Älvsborg lilikuwa limelipwa na riba. Malkia akampa cheo cha juu cha kikabaila, greve wa Södermöre, kisha akaanza kumpunguzia nafasi.

Yalionekana wazi kwenye mazungumzo ya amani ya Westphalia. Mzee alikuwa amempeleka mwanawe Johan Osnabrück. Johan alikuwa mtu wa makuu. Husimuliwa kwamba tarumbeta na ngoma zilitangaza anapoamka na anapokwenda mezani. Malkia alitaka amani upesi, akawa anawasiliana na mjumbe wa pili, Johan Adler Salvius, ambaye hakutoka nyumba kubwa. Ni kwa mwanawe huyo Johan, aliyelalamika kwamba hana uwezo wa kukaa na vigogo wa Ulaya, mzee anasemekana kuandika kwa Kilatini: hujui, mwanangu, dunia inaendeshwa kwa akili ndogo kiasi gani? Watu huinukuu kama kejeli. Mimi naisikia kama sauti ya mtu aliyesoma mafaili ya wakubwa kwa miaka 36. Amani ilisainiwa 1648, na Uswidi ikapata Pomerania ya magharibi, Wismar, Bremen na Verden, na riksdaler milioni tano za kuwalipa askari warudi kwao.

Mwaka 1650 wachungaji, wenyeji wa miji na wakulima walisimama bungeni kudai mashamba ya taji waliyogawiwa makabaila yarudishwe. Hapo Oxenstierna alikuwa upande wa wenye mashamba, naye akiwa mmoja wao mkubwa. Hakuyumba. Sitamtetea.

Kisha Christina akasema anaondoka. Anaacha taji, haolewi, hataki. Kansela alipinga kwa kila njia aliyoijua. Balozi wa Uingereza, Bulstrode Whitelocke, aliyekuwa Uppsala majira hayo, ameeleza kwamba Oxenstierna alikataa kusimama bungeni kulitangaza jambo hilo, kwa sababu alikuwa amemwapia Gustav Adolf kulilinda taji kichwani pa binti huyu. Mtu aliyekuwa ameandika kanuni ya kila kitu, ya mfalme mtoto, mfalme mgonjwa, mfalme aliye safarini, hakuwa na kanuni ya mfalme anayechoka.

Tarehe 6 Juni 1654, kwenye kasri la Uppsala, Christina alivuliwa alama za ufalme moja moja. Taji ilikuwa zamu ya kabaila Per Brahe kuliondoa. Brahe akasimama pale pale, hakusogea. Christina akainua mikono akalivua mwenyewe. Siku hiyo hiyo binamu yake akatawazwa kuwa Karl X Gustav, mtawala wa tatu wa Oxenstierna akiwa kansela.

Huyo alimtumikia chini ya miezi mitatu. Oxenstierna alifariki Stockholm tarehe 28 Agosti 1654, miaka 71. Ukansela akapewa mwanawe mdogo, Erik, ambaye naye, vita vilipoanza upya, alitumwa Prussia kuwa gavana, kwenye mwambao ule ule ambao baba yake aliwahi kukaa akihesabu ushuru wa meli za nafaka. Alifia huko Oktoba 1656, akiwa na miaka 32.